Hapana Isiyoandikwa

Salatiga, 8 Februari 1987

Kwa Mjomba Zainir, Datuk wa ukoo wetu,

Assalamu alaikum. Heshima zangu zikufikie wewe kwanza, kisha Bibi, ambaye najua atataka asomewe barua hii kwa sauti. Nakuomba umsomee aya hii tu. Mimi ni mzima. Mvua ya huku Java hainyeshi kwa hasira kama ya kwetu Sumatra. Hunyesha kwa adabu, kama wenyeji wake, na haikomi. Chakula ni kizuri kwa anayependa sukari, kwani huitia hata kwenye mboga. Mama alinitumia pilipili ya kusaga. Wiwit, mwenzangu ninayecheza naye jozi katika mpira wa vinyoya, aliionja kwa ncha ya kidole akasema, "Yelfi, ninyi watu wa Minang mnakula au mnaadhibiana?" Mwezi uliopita tulichukua ubingwa wa vijana. Nadhani redio ya Padang imekwisha kuwaambieni.

Yanayofuata ni yako peke yako.

Mjomba, sitaki kucheza tena. Sijaumia, sijagombana na mtu, na simwogopi mpinzani yeyote. Nilipokuwa na miaka saba na Baba akafunga kamba kati ya mipopoo miwili, kila kinyoya kilipopanda juu nilikuwa na hamu ya kujua kitarudi vipi. Sasa kikipanda nimekwisha kujua. Mkono wangu hukifuata kama mkono wa mtu anayefagia sebule. Nashinda, na ndani yangu hakuna kinachotikisika.

Nilimwambia Baba wakati wa Idi ya mwaka jana. Alikuwa akinoa panga, hakuinua uso. Alisema, "Mwanangu, mimi katika nyumba ya mama yako ni jivu juu ya kisiki, upepo ukivuma sipo. Hilo ni la mjomba wako." Kwa hiyo nimelileta linakostahili. Nataka kurudi nyumbani nimalize shule Payakumbuh. Klabu ya hapa haimwachii mchezaji wa umri wangu bila neno la walezi wake, na kwa desturi yetu neno hilo ni lako.

Mpwa wako,
Yelfitri


Koto Ambacang, 15 Machi 1987

Mpwa wangu Yelfitri,

Wa alaikum salaam. Bibi alisomewa aya moja kama ulivyoagiza, kisha akauliza mbona kiganja changu kimefunika nusu ya karatasi. Nikamwambia ni hesabu za shule. Kwa kuwa ndizo ninazofundisha, akaridhika. Mguu wake umepungua uvimbe. Paa la nyumba kubwa limezibwa upande wa mashariki.

Siku mliyoshinda, ndugu zetu wa Nyumba ya Chini walipanda kwetu kusikiliza redio, wakisema yao imekwisha betri. Hata Katik, mzee wao, alikuja. Huna haja ya kukumbushwa kwamba tangu nilipovikwa cheo hiki cha Datuk, ukuu wa ukoo, ambacho wao waliona zamu yake ilikuwa yao, hakuna mtu wa nyumba ile aliyekunywa hata maji kwetu. Katik alikaa karibu na mlango, viatu mkononi, kama mtu anayengoja kufukuzwa, lakini alikaa. Ilipotangazwa kwamba mmeshinda aliupiga ubao wa sakafu kwa kiganja hadi vikombe vikaruka. "Huyo ni mtoto wetu!" alisema. "Wetu, mnasikia?" Mama yako alimmiminia kahawa bila kumtazama, naye akainywa bila kuitazama.

Kuhusu jambo lako. Mtu akisema sitaki, huwa amechoka au amemaliza. Aliyechoka akipumzika hurudi. Aliyemaliza, hata akilala mwaka mzima, huamka alivyo. Mimi niliye mbali siwezi kulitambua lako ni lipi, na wewe uliye karibu mno pengine huwezi pia. Nakuomba ungoje mpaka Idi ipite. Mama yako asijue kwa sasa.

Mjomba wako,
Zainir Datuk Rajo Intan


Salatiga, 5 Aprili 1987

Mjomba,

Assalamu alaikum. Nimefurahi kusikia habari ya mguu wa Bibi. Mwambie majani ya mbono yapashwe moto kwanza, yasifungwe mabichi. Hapa sisi wazima, ila Wiwit ana mafua na anadai ni pilipili yangu iliyomfungua pua.

Jaribio ulilolitaka limekwisha kufanyika lenyewe. Sakafu ya ukumbi ilipakwa vanishi upya, tukapewa siku kumi za mapumziko. Wiwit alishindwa kuvumilia. Alikuwa akipiga kinyoya kwenye ukuta wa bweni mpaka mlinzi akamfokea, "We mtoto, ukuta umekukosea nini?" Mimi nilisoma kemia. Sakafu ilipokauka, Wiwit aliingia pekupeku akikimbia, akainama kuinusa. Mimi nilisikia kile anachosikia mwanafunzi kengele ya Jumatatu ikilia. Mjomba, sijachoka. Nimemaliza.

Jambo la pili ni la haraka. Mwalimu Harjono ametuita ofisini akatuambia kwamba kambi ya vijana ya taifa, Jakarta, inataka jozi moja ya wasichana, na imetuchagua sisi. Wiwit alifunika uso kwa mikono miwili akalia. Mimi nilishukuru, kwa kuwa hapa mtu hushukuru.

"Mbona uso huo?" Mwalimu aliniuliza. "Kama mtu aliyeletewa habari za msiba."

"Ndivyo uso wangu ulivyo, Mwalimu."

"Basi utafute mwingine. Jakarta kuna wapiga picha."

Atawaandikia ninyi kuomba ridhaa. Naomba ulielewe jambo hili barabara: walezi wakikubali, mchezaji ni wa kambi mpaka atimize miaka kumi na minane, ndipo aruhusiwe kujiamulia mwenyewe. Mimi nimetimiza kumi na sita mwezi uliopita. Ninyi mkikataa, Wiwit atabaki hapa, atafutiwe mwenzi mwingine na kuanza upya. Nimelipima hilo nalo linaniuma, na bado naomba. Neno moja linatosha. Andika hapana.

Mpwa wako,
Yelfitri


Koto Ambacang, 14 Juni 1987

Mpwa wangu,

Pokea mkono wa Idi, ingawa umechelewa. Mitihani ya darasa la mwisho ilinibana, kisha ukaja mwezi wa Ramadhani.

Siku ya kuamkia Idi, mama yako na Nurlis wa Nyumba ya Chini walipika nyama ya rendang katika sufuria moja. Walianza asubuhi bila kusemezana, kila mmoja na mwiko wake. Kufikia adhuhuri nilisikia kutoka ngazini:

"Tui umelitia mapema mno, Nurlis."

"Mapema? Wewe ulipokuwa unajifunza kutambaa mimi nilikuwa nakoroga!"

"Ndiyo maana yako huwa ngumu. Umeikoroga tangu wakati huo."

Wakacheka, hadi mmoja wao akalazimika kuketi. Ugomvi wa namna hiyo ni anasa ambayo nyumba hii haikuijua kwa miaka mingi. Kwenye chakula Katik alisoma dua, na katika dua akanitaja kwa cheo changu chote, pasipo kuruka neno. Kila mtu alisikia. Halafu akauliza wewe utacheza tena lini.

Sasa barua ya Mwalimu Harjono. Ilifika kwa baba yako, naye akaniletea ameishika kwa ncha za vidole. Ni barua ya unyenyekevu mkubwa. Inaomba radhi mara kadhaa kabla ya kuthubutu kuuliza. Mtu aliyeuliza kwa namna ile hapigwi hapana ya usoni. Nimeiacha bila jibu. Kwetu aliyeleta posa akaachwa bila neno huelewa, hukunja mkeka wake, na hakuna aliyeaibishwa. Watatafuta jozi nyingine. Wewe utamaliza mwaka wa shule hapo Salatiga, kisha tutazungumza. Naona nimetimiza ombi lako kwa njia isiyomvunjia mtu heshima.

Mjomba wako,
Zainir Datuk Rajo Intan


Jakarta, 12 Julai 1987

Mjomba,

Kabla ya salamu, naomba utazame jina la mji niliouandika hapo juu.

Assalamu alaikum. Ni mzima. Nimo kambini, na Wiwit yumo pamoja nami, kitanda cha juu. Yaliyotokea ni haya. Mwalimu Harjono alikuja bwenini mwishoni mwa Juni akasema tufungashe.

"Mjomba wangu amejibu?" nilimuuliza.

"Hakujibu. Ndiyo tunakwenda."

"Mwalimu, kama hakujibu, amekubali vipi?"

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgeni asiyejua kuvua viatu mlangoni. "Mwanangu, angekuwa na pingamizi angeandika. Mtu mwenye heshima zake akiridhika hana haja ya kupiga kelele. Mjomba wako ni muungwana. Nilimwambia mke wangu: hawa watu wa Minang wanasifiwa kwa maneno mengi, kumbe wanajua kunyamaza."

Hivyo hapana yako ilivuka bahari, na ilipofika ng'ambo ikasomwa ndiyo. Nilimweleza. Alicheka kwa upole, akadhani naogopa mji mkubwa.

Ukumbi wa hapa hauna dirisha hata moja lililo wazi, kwa sababu upepo hukipotosha kinyoya. Tunafungiwa hewa ili chenyewe kiende sawa. Tunaingia alfajiri, na tukitoka taa za barabarani zimekwisha kuwaka.

Mjomba, ulinifundisha tangu utotoni kwamba katika swali la hesabu hakuna kilichoandikwa bure. Nimezirudia barua zako mbili kwa kanuni hiyo. Kuhusu mimi umeandika kwa uangalifu, na hukusema kitu. Kuhusu nyumbani umeandika kwa furaha. Katik kakaa, Katik kapiga sakafu, Katik kakutaja kwa cheo. Sufuria moja, kahawa, kicheko. Habari hizo uliziweka mwanzoni kama adabu, kumbe ndizo zilizokuwa jibu. Nikiacha kucheza, Nyumba ya Chini haina sababu ya kupanda ngazi zetu, na cheo chako kinarudi kuwa cha nusu ya ukoo. Ungeweza kuandika hapana. Ulichagua njia ambayo haikukugharimu chochote ikifaulu, wala ikishindwa.

Siandiki haya kwa utovu wa adabu. Naiona thamani ya kile unachokilinda, na yule Nurlis anayecheka na Mama ninamtaka na mimi. Ila ningependa kulisikia hilo kutoka kwako, maana ndilo lililonileta hapa.

Bado nafasi ipo. Mwezi wa Septemba kambi hupitia upya majina ya wachezaji wake. Barua ya wazi kutoka kwenu, ikifika kabla ya hapo, itanitoa. Waite watu wa nyumba zote mbili uwaambie.

Mpwa wako,
Yelfitri


Koto Ambacang, 30 Agosti 1987

Mpwa wangu Yelfitri,

Wa alaikum salaam. Bibi ni mzima, mama yako ni mzima. Safari hii sitaweka hapa habari nyingine.

Ulichokisoma katika barua zangu umekisoma sawasawa.

Nimefanya ulichoniomba. Ijumaa iliyopita niliwaita watu wa nyumba zote mbili katika nyumba kubwa. Walikuja wamevaa vizuri. Walidhani nawaita kuwapa habari njema, na Nurlis alikuja na wali uliopikwa ndani ya mianzi, wa kutosha harusi. Nikawaambia kwa maneno machache kwamba mtoto hataki tena, kwamba alisema tangu Februari, na kwamba natafuta ridhaa yao nimrudishe.

Katik akasema, "Hataki, na anashinda? Ng'ombe gani huyo anayezikataa nyasi zikiwa tayari mdomoni?"

"Labda kuna kijana," alisema mmoja wa vijana wetu.

"Kijana gani?" Nurlis akamjibu. "Yule akimwona kijana humpiga kinyoya cha uso. Kaa kimya, wewe uliyeshindwa hata kumshika kuku wa Idi."

Wakacheka, nami nikaona mwelekeo wa mambo: wangali wanapendana, na upendo huo ndio niliokuwa nauomba ujikatae wenyewe. Nilieleza tena, kwa mpangilio, kama ninavyoeleza darasani. Katik alinisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu hakuwa akitania.

"Datuk," alisema, "mwanangu alipooa miaka minne iliyopita hukuja. Nami nilipopita mbele ya nyumba hii nilitazama ng'ambo. Leo wajukuu zangu wanalala kwenu. Unataka nikawaambie tulipatana kwa mtoto asiyetaka kitu chenyewe? Acha acheze mwaka, acheze miwili. Nani hapa anapenda anachokifanya? Mimi nilipenda kulima? Wewe umependa kila siku kufundisha?"

Nilimjibu kwamba sisi hatukulima kwa ajili ya ugomvi wa watu wengine. Akasema, "Kweli? Tulilima kwa ajili ya nini, basi?"

Unajua kwamba kwetu hapapigwi kura. Neno huzungushwa mpaka liwe la wote. Lilizungushwa hadi magharibi, nalo likatua upande wao: uendelee. Mama yako hakufungua kinywa tangu mwanzo hadi mwisho. Sitathubutu kukuambia kimya chake kilimaanisha nini. Nimekwisha kosea mara moja. Baba yako alikuwa nje anapasua kuni. Hakuna aliyemwita.

Datuk huinuliwa juu ya wenzake kwa urefu wa kijiti, na hutangulizwa kwa hatua moja tu. Siwezi kutuma barua kwa jina la ukoo kinyume cha neno la ukoo. Ningeweza kutuma kwa jina langu mwenyewe. Nilikaa mezani na kalamu, nikajua kwamba asubuhi yake nisingekuwa Datuk wa yeyote, na kwamba watu wangerudi kutazama ng'ambo. Sikuandika. Niliingia nikakufungulie mlango, nikafungiwa humo humo nawe. Tofauti yetu ni kwamba mimi ninao ufunguo.

Mjomba wako,
Zainir


Jakarta, 4 Oktoba 1987

Mjomba,

Assalamu alaikum. Nakusalimu wewe, Bibi, Mama na Baba. Wasalimie na watu wa Nyumba ya Chini: Mjomba Katik, na Nurlis na mwiko wake. Mimi ni mzima. Kambi imepitia majina, na yetu yamebaki. Mwezi ujao tutacheza Bangkok. Redio itatangaza.

Barua yako niliisoma ukumbini, zamu yetu ikiwa bado. Siku ile nilijaribu jambo ambalo sikuwahi kulijaribu: kucheza vibaya. Nilidhani ndiyo njia pekee iliyobaki, kwani asiyefaa hurudishwa kwao. Kinyoya kilishuka upande wangu, nikauzuia mkono wangu kwa nguvu zote usiende. Wiwit alikuwa mbali. Alijirusha kukifuata, akaanguka kifudifudi, goti likachubuka mpaka nyama nyekundu.

"Kile kilikuwa chako!" alipiga kelele.

"Samahani."

"Samahani ya nini? Ulikuwa umelala?"

Kinyoya kilichofuata mkono ulikwenda wenyewe, kabla sijauamuru, na pointi ikawa yetu. Mjomba, sijui kucheza vibaya. Ustadi nao umenishika. Hauulizi kama nautaka.

Jioni nilimfunga Wiwit kitambaa gotini nikamwambia yote, tangu Februari. Nilitarajia alie. Hakulia.

"Kwa hiyo ulitaka kuniacha Salatiga?"

"Ndiyo."

"Bila kuniambia?"

"Ndiyo."

"Mchawi wee," alisema. Halafu, "Utatimiza kumi na nane lini?"

"Machi ya mwaka themanini na tisa."

Alihesabu kwa vidole, mwezi baada ya mwezi. "Inatosha," akasema. "Nitatafuta mtu mwingine na kumzoesha taratibu. Ila mpaka siku hiyo ukiniachia tena kinyoya chako nianguke, nitakupaka pilipili ya mama yako machoni."

Yeye ndiye mtu wa kwanza, tangu nianze kusema jambo hili, aliyenijibu kwa tarehe.

Basi nami nakuandikia kwa tarehe. Nitacheza mpaka Machi ya mwaka 1989, na nitacheza sawasawa, kwa ajili ya Wiwit. Sitakuomba neno tena, wala sitamwomba Baba, wala mkutano. Siku nitakayotimiza umri wa kujiamulia nitaiweka raketi juu ya meza ya mwalimu, nitamuaga Wiwit, nitapanda meli ya Padang. Umesema ufunguo unao wewe. Ukae nao, sitangoja mlango huo.

Waeleze watu wa nyumba zote mbili tarehe hii, waziwazi, na usimwachie mtu akisie. Nitakapopanda ngazi nitawakuta mmezunguka sufuria moja, au nitakuta kila mmoja kwake. Kazi hiyo ni yenu, na muda wa kuifanya mnao.

Mpwa wako,
Yelfitri